Kuku Wanadonoana, Mbwa Anazunguka Mnyororo: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Dawa

Mfugaji wa Dodoma mjini akiona kuku wake wanadonoana, kwa kawaida hukimbilia duka la dawa za mifugo. Anarudi na vitamini, labda na antibayotiki, anachanganya kwenye maji, na wiki inayofuata kuku wanaendelea kutoana manyoya. Mwenye sungura hununua kizimba kipya kwa sababu cha zamani kimetafunwa. Mwenye mbwa anayebweka usiku kucha hufupisha mnyororo. Fedha inatoka, na tabia inabaki palepale.

Mara nyingi mnyama huyo haumwi wala si mkorofi. Kuku ameumbwa aparue ardhi, mbuzi apande na kuchuma majani, mbwa anuse na kutembea, nguruwe achimbe kwa pua. Tumewaweka mahali ambapo chakula kinaletwa kwenye sahani, kinaisha kwa dakika kumi, na saa zote zinazobaki hazina kitu. Ile hamu ya kuparua au kutafuna haifi kwa sababu chakula kimeletwa. Inahamia kwenye mgongo wa mwenzake, kwenye mlango, kwenye waya au kwenye mwili wa mnyama mwenyewe.

Jibu mara nyingi ni kumpa mnyama kitu cha kufanya. Nimepanga maelezo haya kwa dalili. Nenda moja kwa moja kwenye ile unayoiona nyumbani kwako, ila usiruke sehemu inayofuata hapa.

Kabla ya kugusa chochote

Kaa pembeni kama nusu saa, mahali ambapo mnyama amekuzoea au hakuoni, na uangalie tu. Rudia asubuhi, saa saba mchana na jioni. Unatafuta mambo matatu: nani anaanza, wapi, na saa ngapi. Ugomvi unaotokea saa saba chini ya bati lililoiva una chanzo tofauti na ule unaotokea saa tatu asubuhi baada ya pumba kwisha. Ukiona tabia inaanza kila mara chombo kinapokuwa kitupu, umeshapata nusu ya jibu.

Kisha ondoa ugonjwa kwenye orodha. Mnyama aliyebadilika ghafla, anayekataa kula, anayeharisha, anayechechemea au kukonda, huyo ni wa afisa mifugo wa kata. Usimtundikie mchicha ukitegemea atapona. Hali mbili hazitaki kusubiri hata kidogo. Kuku wanaozubaa, kupinda shingo na kufa wengi kwa muda mfupi wana dalili za kideri (Newcastle), na hapo shughuli za bandani hazina nafasi. Kinga yake ni chanjo, na ile ya I-2 ya tone la jicho hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ya pili ni mbwa mpole aliyegeuka mkali ghafla, anayetoa mate, anayeuma vitu ovyo au kutembea bila mwelekeo. Hizo ni dalili za kichaa cha mbwa. Usimkaribie. Toa taarifa, na yeyote aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Baada ya ugonjwa, angalia maji na joto. Mwezi Oktoba na Novemba, kabla mvua haijafika, mchana wa Dodoma huvuka nyuzi 30 kwa urahisi, na banda la bati la chini huwa na joto zaidi ya nje. Kuku anayehema mdomo wazi na kutanua mabawa hatafuti kazi, anatafuta kivuli. Inua paa, weka nyasi juu ya bati, ongeza vyombo vya maji. Fanya hayo kwanza, kisha uangalie tabia upya.

Kuku wanadonoana manyoya, wanatoana damu

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi na wanaofuga kuku wa mayai na chotara mabandani, kwa hiyo tulifanyie kazi vizuri.

Anza kwa kuangalia manyoya yametoka wapi. Yakitoka mgongoni na juu ya mabawa kwa majike tu, na bandani kuna majogoo wengi, huenda hakuna anayemdonoa mwenzake: ni makucha ya jogoo wakati wa kupanda. Punguza majogoo. Yakitoka kichwani na shingoni, ni ugomvi wa cheo, na kwa kawaida vyombo vya chakula ni vichache au viko sehemu moja. Yakitoka sehemu ya haja, tena kwa kuku wanaoanza kutaga, angalia viota: vikiwa na mwanga mwingi, wenzake wanaona nyama nyekundu ikijitokeza wakati anataga na wanaidonoa. Ning'iniza kipande cha gunia mbele ya kiota ili ndani kuwe giza. Na kuku wa zaidi ya mwaka anayepukutisha manyoya mwili mzima bila jeraha, huyo anabadilisha manyoya. Mwache.

Yakitoka sehemu ya chini ya mgongo na kwenye mkia, ukaona na wengine wanayala manyoya yenyewe, hapo ndipo kwenye kudonoana kwa kweli. Fungua manyoya karibu na mkia utafute chawa. Usiku, mulika nyufa za fito wanazolalia utafute utitiri, kwa sababu ule mwekundu hujificha mchana na kunyonya damu gizani. Angalia na chakula. Kuku wa mayai anahitaji protini kama asilimia 16 hadi 18, na mfugaji anayepunguza dagaa na mashudu ya alizeti ili gharama ishuke huona matokeo kwenye manyoya kabla ya kuyaona kwenye mayai. Chumvi ikikosekana kabisa kwenye mchanganyiko huleta hali hiyohiyo. Jua kali linaloingia moja kwa moja, au balbu yenye mwanga mkali usiku, huongeza. Msongamano nao: kuku wakubwa watano kwa mita moja ya mraba ni kipimo kizuri cha banda la sakafuni.

Sasa chukulia yote hayo yako sawa na bado wanadonoana. Tazama sakafu. Je, kuna kitu cha kuparua? Kuku wa kufugwa ametokana na kuku-mwitu wa Asia, ambaye zaidi ya nusu ya muda wake wa mchana huwa anaparua na kudonoa ardhi. Kuku wako amezaliwa na mdomo uleule. Akisimama kwenye saruji tupu au kwenye maranda yaliyoshikana kwa unyevu, kitu pekee laini kinachodonoeka ni manyoya ya jirani. Kuku wa kienyeji wa Singida anayeshinda shambani na mitaroni mara chache utamkuta na tatizo hili.

Weka maranda makavu au makapi ya mtama unene wa kama sentimita 10, uyageuze mara kwa mara yasigandamane. Asubuhi na alasiri, rusha humo viganja vichache vya mtama au uwele, vikisambaa eneo lote. Usiongeze juu ya chakula cha kawaida. Toa sehemu ndogo ya mgao wao wa siku. Wapo wafugaji wanaoona huku ni kumsumbua kuku bure wakati chakula kipo kwenye chombo. Mwaka 1963 mtafiti wa Marekani, Glen Jensen, aliwawekea panya chakula cha bure na kingine cha kubonyeza kitufe, na karibu panya wote walikula sehemu ya chakula chao kwa kubonyeza ingawa cha bure kilikuwepo. Jambo hilo limeonekana baadaye kwa kuku, njiwa na wanyama wengine wengi. Wanyama wanapenda kukifanyia kazi chakula chao. (Paka wa nyumbani ndiye anayejulikana kwa kupendelea sahani.)

Baada ya sakafu, tundika kitu. Fungu la mchicha, majani ya kunde au kabichi nzima, likining'inia usawa wa kichwa cha kuku ili anyooshe shingo kidogo. Kiangazi majani yanapokuwa adimu na ghali, tumia vichwa vya alizeti vilivyokwisha kupurwa: punje hazitoki zote, na kuku watazitafuta kutwa nzima. Masuke ya mtama yaliyopurwa yanafanya kazi hiyohiyo. Mlonge hubaki na majani hata ardhi ikikauka, na mti mmoja uani unalisha banda dogo. Chupa ya plastiki yenye matundu ya ukubwa wa punje, iliyotiwa mtama na kulazwa chini, watajifunza kuiviringisha.

La mwisho ni vumbi, na Dodoma vumbi hatununui. Kuku huoga vumbi ili kuondoa mafuta ya ziada na wadudu kwenye manyoya, na akikosa utamwona akijigaragaza kwenye sakafu tupu. Chukua beseni pana au chimba shimo fupi, weka udongo mwekundu mkavu uliochanganywa na majivu ya kuni. Majivu ya mahali palipochomwa plastiki usiyatumie. Kuanzia Desemba hadi Aprili lifunike lisiloe.

Aliyekwisha kujeruhiwa mtenge mara moja, kwa sababu damu inaita midomo yote. Mpake dawa ya zambarau na umrudishe kidonda kikikauka, ikiwezekana usiku wenzake wakiwa wamelala.

Kuhusu kukata midomo: najua inafanywa sana, na najua mfugaji mwenye kuku mia wanaotoana utumbo hana subira ya mahubiri. Lakini ncha ya mdomo wa kuku ina mishipa ya fahamu, ndiyo anayopapasia ardhi. Ukiikata, majeraha yanapungua na sababu inabaki. Nimeona mabanda ambayo midomo ilikatwa na bado migongo ilikuwa mitupu, sakafu ikiwa saruji ya kufagiliwa. Shughulikia sakafu kwanza, na uanze vifaranga wakiwa wadogo, maana tabia ya kudonoana ikishazoeleka kundini ni ngumu kuing'oa.

Kuku wanakula mayai yao

Mara nyingi inaanza na yai lililovunjika kwa sababu ganda ni laini, au viota ni vichache mayai yakapangana. Ongeza chokaa au maganda ya konokono yaliyosagwa kwenye chombo cha pembeni, weka kiota kimoja kwa kuku wanne au watano, kiwe na giza na nyasi za kutosha, na okota mayai mara tatu kwa siku. Kuku wanaoparua sana huwa na muda mchache wa kuzubaa viotani.

Mbuzi wanabandua magome, wanafungua mlango, wanapigana pembe

Mbuzi wanaofungiwa kutwa kwa sababu ya sheria ndogo za mjini ndio wenye tatizo hili. Mbuzi ni mchumaji wa majani ya juu. Ukimwona porini upande wa Kongwa au Mpwapwa, amesimama kwa miguu ya nyuma akivuta tawi la mgunga. Ukimwekea nyasi zilizolala chini, tumbo linajaa na miguu, shingo na akili vinabaki bila kazi. Akili anayo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo cha Queen Mary, London, walionyesha kwamba mbuzi waliofundishwa kufungua kisanduku cha chakula kwa hatua mbili walikumbuka namna ya kukifungua miezi 10 baadaye. Kwa hiyo komeo lako la waya halimshindi.

Funga matawi juu, usawa wa kichwa na zaidi, katika pande tofauti za banda: migunga, mikwaju, mlonge. Lusina, mti wa majani ya malisho, ni nzuri, ila isizidi theluthi ya malisho yote. Weka kitu cha kupanda. Mawe makubwa tunayo, pia magogo, au meza ya mbao nene ya urefu wa nusu mita. Kitu hicho kinawapa shughuli na pia kinapunguza ugomvi, kwa kuwa mbuzi mnyonge anapata pa kukimbilia. Kama wanapigana wakati wa kula, weka sehemu za kulia nyingi kuliko idadi ya mbuzi na uziachanishe, au ujenge ukuta mfupi katikati ili wasionane.

Matawi yanahitaji uangalifu. Minyaa, ambayo nyumba nyingi za Dodoma wameipanda kama ua, ina utomvu mweupe unaounguza mdomo na macho. Usiitumie na usiwaachie waifikie. Mnyonyo una mbegu za sumu. Mtama mchanga ni hatari zaidi ya vyote kwa sababu unaonekana ni chakula kizuri: mmea ulio mfupi, ulionyauka kwa ukame, au unaochipua upya baada ya mvua za kwanza unatoa sumu ya sianidi tumboni na unaweza kuua mbuzi au ng'ombe kwa muda mfupi sana. Toa mabua yaliyokomaa na kukauka vizuri.

Mbuzi anayekula udongo, mifupa, nguo na viroba usimchanganye na huyu anayebandua magome. Huyo mara nyingi amekosa madini, hasa fosforasi na chumvi, na hutokea sana mwisho wa kiangazi malisho yakiwa makavu. Mpe jiwe la madini kwanza. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Juni 2019, lakini viroba na vifungashio bado vinapeperushwa na upepo wa kiangazi hadi zizini. Viokote, maana vikijikunja tumboni haviyeyuki.

Mbwa anabweka bila kukoma, anazunguka mnyororo, anachimba

Mtindo wetu ni kumfunga mbwa mchana na kumfungua usiku alinde. Kwa hiyo nusu ya maisha yake ni duara la mita mbili. Mbwa anayezunguka upande uleule hadi kuchora njia kwenye udongo, au anayejilamba mguu mpaka unachubuka, anakuonyesha hilo waziwazi.

Angalia anabweka wakati gani. Akibweka mkiondoka na kunyamaza mkirudi, ni upweke. Asifungwe nyuma ya nyumba asikoona mtu. Akibweka kwa kila kinachopita, mfunge mahali asipotazamana na barabara. Akichimba chini ya ukuta mchana wa joto, anatafuta ubaridi, kwani mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Mtengee kivuli, mwarobaini unafaa sana, na shimo la mchanga unaomwagiwa maji kidogo. Akichimba usiku penye kivuli na maji, hapo ni nguvu zilizobaki.

Dawa kubwa ni kumtembeza. Alfajiri kabla ardhi haijapata moto, kamba mkononi, na umwache anuse. Wengi wanamvuta mbwa atembee haraka wakidhani mazoezi ni miguu tu, kumbe pua ndiyo inayomchosha vizuri. Kama hakuna muda, leta kazi nyumbani: vingirisha ugali na dagaa vidonge vidogo, vitupe kwenye nyasi au uvifiche ndani ya boksi lenye makaratasi, naye avitafute. Mnyororo ukilazimika, funga waya imara kati ya nguzo mbili, pete ya mnyororo iteleze juu yake, ili apate mita nane au kumi za kwenda na kurudi.

Kuna hofu kwamba mbwa aliyechezeshwa ataacha ulinzi. Mbwa aliyetulia hubweka pakiwa na sababu, na mwenye nyumba anaamka. Anayebweka kutwa na kucha hakuna anayemsikiliza tena.

Mfupa uliopikwa usimpe, unapasuka vipande vikali. Na kwa sisi wa mkoa wa zabibu: zabibu mbichi au kavu zinaweza kuua figo za mbwa. Watoto wanapenda kumrushia adake. Wakataze, na mbwa asizurure shambani wakati wa mavuno.

Sungura anatafuna waya, anang'oa manyoya, anapiga miguu

Sungura jike anayeng'oa manyoya ya kifuani anaandaa kiota. Angalia kama ana mimba. Anayetafuna waya kila siku ana meno yasiyoacha kukua na hana nyuzi za kuyasaga. Nyasi kavu ziwepo saa zote, na vipande vya matawi ya mlonge au ya mizabibu iliyopogolewa, mradi una hakika shamba halijapuliziwa dawa.

Kisha pima kizimba. Mwaka 1965, nchini Uingereza, kamati iliyoongozwa na Profesa Brambell ilisema mnyama wa kufugwa angalau aweze kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo vyake. Vizimba vingi vya sungura ninavyoviona havifiki hapo: sungura mkubwa hawezi kusimama kwa miguu ya nyuma bila kugonga juu. Ongeza urefu, weka ubao wa kulalia juu ya waya, na boksi lenye matundu mawili la kujificha. Boksi liwe na matundu mawili ili mnyonge asizingirwe ndani.

Nguruwe wanaumana mikia

Hii ikianza inaenea haraka. Mtoe anayeuma na anayevuja damu siku hiyohiyo. Hakikisha banda halina hewa nzito ya mkojo, nafasi za kula zinatosha na chumvi ipo. Kisha wape cha kuchimba: mabua, majani makavu, magunzi, udongo safi kwenye kona moja, vibadilishwe kila siku. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeandika sharti hilo kwenye sheria zao, kwamba nguruwe lazima awe na kitu cha kuchunguza na kuchezea. Kwenye joto letu ongeza tope au maji ya kugaagaa. Mabaki ya hotelini yachemshwe angalau nusu saa, kwa sababu homa ya nguruwe ya Afrika husafiri kwenye mabaki ya nyama na haina tiba.

Punda anatafuna mbao na kula kinyesi

Ana njaa ya kutafuna. Punda ameumbwa kula kidogokidogo saa nyingi za siku, naye tunampa fungu moja jioni baada ya kubeba maji. Mwachie mabua makavu na nyasi duni wakati wote wa mapumziko, kwenye mafungu madogo yaliyotawanywa. Na usimfuge peke yake ukiweza. Punda wawili waliozoeana wakitenganishwa, mmoja anaweza kuacha kula kabisa.

Mnyamapori anayetembea njia ileile kizimbani

Tumbili, kobe, au wale ndege wadogo wa kijani wenye kichwa cheusi na shingo ya njano, jamii ya kasuku, ambao asili yao ni Tanzania hii ya kati: kumkamata na kumfuga bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Aliyenaye nyumbani awasiliane na mamlaka ya wanyamapori, asimwachie tu porini.

Kwa wenye vibali vya bustani au mashamba ya wanyamapori, kutembea huku na huko kwa fisi au simba kunatokana kwa sehemu kubwa na maumbile yake. Mwaka 2003 Ros Clubb na Georgia Mason walilinganisha wanyama walao nyama wa vizimbani na kukuta kwamba wale ambao porini huzunguka eneo kubwa zaidi ndio wanaotembeatembea zaidi wakifungwa. Huwezi kumpa kilomita zake, lakini unaweza kubadili saa ya chakula isijulikane, kuficha nyama sehemu tofauti, kupaka harufu ya kinyesi cha pundamilia au swala kwenye magogo, na kumjengea jukwaa la juu la kutazama mbali pamoja na pembe ya kujificha macho ya watu. Usitarajie iishe yote. Mnyama aliyefanya hivyo miaka mingi hubaki na tabia hiyo kama kovu hata akiwekwa mahali pazuri. Kipimo ni kama muda wa kutembea unapungua na muda wa kufanya mengine unaongezeka.

Umeweka vitu vyote na hawavigusi

Hapa ndipo wengi wanakata tamaa, na sababu huwa chache.

Kama wanakimbia na kujibana kona, kitu ni kipya mno kwao. Kuku wanaweza kuiogopa kabichi inayoning'inia. Kilaze kwanza chini karibu na chakula, kisha ukipandishe polepole kwa siku kadhaa.

Kama walifurahia siku mbili wakaacha, wamekizoea. Kitoe kabisa na ulete kingine, kisha ukirudishe baada ya wiki. Mfugaji mwenye vitu vinne vinavyopokezana anamzidi mwenye kumi vilivyotundikwa siku zote. Vya kudumu ni vile vya msingi tu: maranda, vumbi, fito, matawi, nyasi.

Kama mmoja tu ndiye anayetumia na wengine wanapigwa, ongeza idadi na uviachanishe. Ukiona ugomvi umeongezeka tangu ulipoweka, kosa liko kwenye idadi au nafasi, sio kwenye wazo lenyewe.

Kama wanajaribu wanashindwa, ni vigumu mno. Panua matundu ya chupa, legeza fungu la matawi, anza na chakula kinachoonekana.

Kama hawagusi mchana, jaribu alfajiri na jioni. Kwenye joto la Novemba hakuna mnyama mwenye akili timamu anayeparua saa nane mchana.

Na kama wameanza kuharisha au kuzubaa baada ya kuwawekea makapi, masuke au maganda ya karanga, ondoa vyote unuse. Kitu chenye ukungu au harufu ya kuvunda ni sumu. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua na wengine wakafariki kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kwenye mahindi, na mahindi yaliyokataliwa jikoni yasihamishiwe bandani. Hifadhi makapi juu ya kichanja, sehemu kavu, na yale yaliyolowa mvua ya Januari yachome moto.

Ipe kila badiliko wiki mbili kabla ya kulihukumu, na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati ili ujue kipi kimefanya kazi. Andika tarehe na idadi ya walioathirika kwenye daftari. Ikifika wiki ya tatu na namba haijashuka, mwite afisa mifugo na umkabidhi daftari hilo. Ataanzia pale ulipoishia.